Broca alimpora Dax? Nani hasa wa kwanza kujua kwamba lugha iko kushoto mwa ubongo

#1 Fundi Saa
Wakuu, salaam.

Vitabu karibu vyote vya saikolojia na udaktari vinaanza na kisa kilekile. Paris, 1861, daktari wa upasuaji Paul Broca anaonyesha ubongo wa mgonjwa aliyekuwa hawezi kutamka kingine zaidi ya "tan", na kuanzia siku hiyo dunia ikajua usemi unakaa wapi. Mpaka leo kipande hicho cha ubongo kinaitwa eneo la Broca.

Hoja yangu ni kwamba sifa ile kubwa, ya kwamba lugha iko kushoto, si yake. Mwaka 1836 kulikuwa na daktari wa mji mdogo wa Sommières, kusini mwa Ufaransa, Marc Dax. Alikusanya wagonjwa zaidi ya 40 waliopoteza maneno, akaona tatizo lao liko nusu ya kushoto ya ubongo. Akafariki mwaka uliofuata bila kuchapisha. Mwanawe Gustave, naye daktari, alipeleka andiko la baba Paris mwezi Machi 1863. Likakaliwa. Aprili 1863 Broca huyo anasimama kikaoni na kusema ameona wagonjwa wanane, na kwa maajabu wote wameumia kushoto! Andiko la Dax likatoka gazetini Aprili 1865, na Juni 1865 Broca akatoa makala yake maarufu ya kwamba tunasema kwa nusu ya kushoto.

Mtu wa mikoani kalima, wa mjini kavuna. Nani anapinga?

#2 Kasuku Bubu
Nimekaa siti ya mbele. Wajuzi leteni vitu.

#3 Mwanafunzi Mkongwe
Napinga, Fundi. Unachanganya kesi mbili.

Mwaka 1861 Broca hakusema lolote kuhusu kushoto. Ugomvi wa mwaka ule ulikuwa mwingine: je, ubongo unafanya kazi kama kitu kimoja, au kila sehemu ina kazi yake? Ugomvi huo ulianzishwa na Franz Joseph Gall wa Vienna, yule aliyedai anaweza kusoma tabia ya mtu kwa kupapasa vinundu vya fuvu. Gall alisema kumbukumbu ya maneno iko mbele, nyuma ya macho, kwa sababu shuleni wenzake wenye macho ya kutokeza ndio waliokuwa hodari wa kukariri. Sababu ya hovyo kabisa, lakini mahali alipopataja hapakuwa mbali na ukweli. Mwanasayansi Mfaransa Flourens akampinga kwa majaribio ya kukata ubongo wa ndege, akasema ubongo ni mmoja. Kuanzia hapo ukisema "sehemu za ubongo" unaonekana mpiga ramli.

Jean-Baptiste Bouillaud ndiye aliyebaki kushikilia kwamba usemi uko mbele. Alianza 1825, na 1848 akaweka dau la faranga 500 kwa yeyote atakayemletea mtu aliyeharibika sehemu ya mbele ya ubongo na bado anaongea. Mkwewe, Ernest Aubertin, akaibeba hoja hiyo hadi kwenye Jumuiya ya Anthropolojia ya Paris, Aprili 1861. Akasema: nionyesheni mgonjwa mmoja tu wa kunikanusha, nitaiacha imani yangu.

Siku chache baadaye analetwa kwa Broca, hospitali ya Bicêtre, mgonjwa mwenye mguu uliooza. Jina Leborgne, umri 51, yuko hospitalini humo miaka 21, kila anachoulizwa anajibu "tan tan". Broca akamwita Aubertin aje amwone akiwa bado hai. Leborgne akafa Aprili 17, ubongo ukafunguliwa, na kesho yake ukawa mezani kikaoni. Shimo liko mbele, upande wa kushoto, lakini siku hiyo neno lililowashughulisha ni "mbele".

Kwa hiyo 1861 hakukuwa na cha Dax cha kuporwa.

#4 Nesi wa Zamu
Mkongwe umesahau kitu cha kutisha kuliko vyote. Huyo Aubertin alikuwa na mgonjwa aliyejipiga risasi kwenye paji la uso, mfupa ukaondoka, ubongo ukabaki wazi. Mtu bado anaongea. Wakachukua kisu bapa wakawa wanaugandamiza ubongo taratibu huku anasema. Ukigandamiza, neno linakatika katikati. Ukiachia, linaendelea.

Leo ukifanya hivyo wodini unaenda jela.

#5 Jongoo wa Mvua
Faranga 500 zililipwa? Hilo ndilo la msingi.

#6 Mwanafunzi Mkongwe
@Jongoo swali zuri. Kwenye mjadala wa 1865 alisimama daktari Velpeau akalidai dau. Akasema mwaka 1843 alikuwa na mgonjwa, mtengeneza nywele za bandia, uvimbe umemla ubongo wa mbele pande zote mbili, na sifa yake kuu ilikuwa domo lisilofungwa. Walikuwa wanamwomba anyamaze. Wazee wa Académie, lile baraza la madaktari wakubwa wa Paris, walichachamaa siku hiyo si mchezo.

#7 Ngosha wa Bariadi
Wakuu, samahani natoka nje kidogo ya mada ila uzi huu umenigusa. Baba yangu alipatwa na kiharusi mwaka juzi, mkono na mguu wa kulia vikalegea, maneno yakaisha. Mzee ni Msukuma, alifundisha shule ya msingi hadi kustaafu. Nyumbani na mama ni Kisukuma tupu tangu waoane. Sasa maneno yalipoanza kurudi, yalirudi ya Kiswahili. Mama anamsemesha Kisukuma, anaelewa, anajibu Kiswahili, tena cha darasani: "sawa", "kaa chini", "bado". Mama aliumia sana, alidhani mzee amemkataa.

Kisukuma kilikuja kurudi taratibu baadaye. Wataalamu, kwa nini lugha ya mama isitangulie?

#8 Karafuu Mbichi
Pole sana Ngosha. Huku kwetu Pemba tulikuwa na babu, Allah amrehemu, alikuwa hawezi kuomba hata maji. Ataonyesha kikombe kwa kidole, jasho linamtoka. Lakini ukianza Alhamdu unamsikia anakufuata mpaka Amin, herufi kwa herufi, tajwidi yake vilevile. Ukimwambia "babu, sema hiyo aya ya tatu peke yake", hawezi. Mpaka aanze mwanzo.

Watu wakasema muujiza. Mimi nataka kujua hao Wafaransa walisemaje.

#9 Mto Lualaba
Bonjour kwa wote, niko Lubumbashi. Ngoja nirudi kwa Fundi Saa, maana hizi habari za Dax nimezisoma kwa Kifaransa chake.

Kwanza, Broca hakuficha jina la Dax. Aliposikia habari za andiko la 1836 aliuliza Montpellier, pale linaposemwa lilisomwa mbele ya mkutano wa madaktari mwezi Julai. Mkutubi wa chuo akatafuta, akauliza waliohudhuria. Hakuna aliyekumbuka, hakuna gazeti lililotaja. Inawezekana kabisa Marc Dax aliliandika na halikusomwa popote. Sasa utampora mtu kitu ambacho kiko kwenye droo yake?

Pili, aliyelikalia andiko Paris si Broca. Lilipewa kamati ya watu watatu, Bouillaud akiwemo, na mwandishi wa ripoti akawa Lélut, adui mkubwa wa wapapasa mafuvu. Alipoona tu mtu anazungumzia mahali pa lugha ndani ya ubongo, akalitupa. Ripoti yake ilitoka Desemba 1864, karibu miaka miwili baadaye. Mlaumu Lélut.

#10 Kasuku Bubu
Fundi Saa wapi wewe? Umeletewa mkutubi.

#11 Fundi Saa
Nipo. Lualaba umeeleza vizuri lakini hujanijibu tarehe. Machi 1863 andiko linaingia Académie, Aprili 1863 Broca anataja kushoto kwa mara ya kwanza. Mwezi mmoja! Na Paris ile madaktari wote wanakula meza moja. Tena Broca mwenyewe aliongea kwa woga, akasema hathubutu kutoa hitimisho. Mtu aliyegundua mwenyewe anaogopa nini?

#12 Mto Lualaba
Aliogopa kwa sababu ilikuwa inapingana na akili za wakati ule! Ubongo una nusu mbili zinazofanana kwa macho. Figo mbili zinafanya kazi moja, macho mawili vilevile. Halafu uje useme nusu moja ya ubongo inasema na nyingine haisemi? Tena wagonjwa wanane ni wachache, mwangalifu yeyote angesita.

Na kumbuka mgonjwa wa pili wa Broca, Lelong, mzee wa miaka 84, alifariki mwaka uleule wa 1861. Yule alibakiwa na maneno matano tu, likiwemo jina lake alilolikata mkia, na "tois" badala ya "trois", yaani tatu. Namba zote kwake zilikuwa "tois". Akiulizwa una watoto wangapi, anasema "tois" huku ananyoosha vidole vinne, na vinne ndiyo sahihi. Akili inajua, mdomo unakataa. Naye shimo lake lilikuwa kushoto. Kwa hiyo Broca alikuwa na ushahidi wake mwenyewe tangu 1861, hakuhitaji droo ya mtu.

#13 Mzee wa Kibarazani
Vijana mmesoma sana. Lakini kijijini kwetu mtu akiamka hawezi kusema tunajua kafungwa ulimi, na anayejua kufungua yupo. Mmeshawahi kujiuliza kwa nini hospitali wanashindwa na mganga anaweza? Nimeona kwa macho yangu mtu kafunguliwa kwa wiki moja.

#14 Nesi wa Zamu
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, huyo wa wiki moja angefunguka hata bila mganga. Wengi hupata nafuu kubwa majuma ya mwanzo kwa sababu uvimbe ndani ya ubongo unapungua na sehemu zilizokuwa zimezimia bila kufa zinaamka. Anayekuwepo karibu siku hiyo ndiye anayepata kuku.

Nawaomba wote mnaosoma: mdomo ukienda upande, mkono ukikosa nguvu, maneno yakivurugika ghafla, usilale nalo mpaka asubuhi wala usiende popote pengine. Kama ni damu iliyoganda, dawa ya kuiyeyusha inafaa ndani ya saa nne na nusu tangu ilipoanza. Zikipita, hata hospitali kubwa mikono inakuwa mifupi. Mimi nimewapokea wengi wanakuja siku ya nne na chale kifuani.

#15 Mzee wa Kibarazani
Marahaba. Chale hazizuii kwenda hospitali lakini.

#16 Stesheni ya Tabora
@Karafuu Mbichi swali lako la babu na Alhamdu lina jibu, tena si la Broca. Mwingereza John Hughlings Jackson ndiye aliyeling'ang'ania. Aliona wagonjwa wasioweza kusema sentensi hata moja ya kutunga, lakini wanatukana vizuri, wanasali, wanahesabu moja hadi kumi, wanaimba. Leborgne mwenyewe, yule wa "tan", akikasirika alikuwa anamtaja Mungu kwa kiapo kirefu cha Kifaransa bila kukwama. Mshairi Baudelaire alipopigwa na kiharusi Ubelgiji mwaka 1866, kilichobaki kinywani kilikuwa nusu ya kiapo kama hicho, "cré nom", na masista waliomuuguza walikwazika sana.

Jackson akasema kuna kusema kwa aina mbili. Kuna kutunga: unaweka neno juu ya neno kumweleza mtu jambo jipya. Na kuna kusema kunakojiendea kwenyewe, kulikokaririwa au kunakotoka na hasira. La kwanza likifa, la pili linaweza kubaki, na yeye alishuku kwamba nusu ya kulia ndiyo inayolishika. Babu yako hakuwa anaitunga Alhamdu. Ilikuwa inamtoka nzima nzima, ndiyo maana aya ya tatu peke yake haikupatikana.

Na huyo Jackson ndiye aliyetoa onyo kali kuliko yote: kujua mahali ambapo pakiharibika usemi unapotea si sawa na kujua usemi unakaa wapi. Ukikata waya wa umeme nyumba inakuwa giza, lakini umeme haukai kwenye ule waya.

Broca na Jackson walikutana uso kwa uso Norwich, Uingereza, mwaka 1868. Ningelipa nauli kwenda kuwasikiliza.

#17 Karafuu Mbichi
Ahsante Stesheni. Lakini kwa hilo la kulia mimi bado. Kama kulia kunaweza kushika sura nzima, kwa nini kusishike "nipe maji"? Neno hilo babu kalisema mara nyingi kuliko Alhamdu.

#18 Stesheni ya Tabora
Hapo sina jibu la kukuridhisha. Wako wanaosema mdundo na mahadhi ndiyo siri. Kuna tiba ilitungwa Boston mwaka 1973, mgonjwa anafundishwa kusema kwa kuimba huku akigonga kwa mkono wa kushoto. Wengine wamepima wakasema kinachosaidia ni mdundo na maneno yaliyozoeleka, sauti ya wimbo yenyewe si kitu. Wanaendelea kubishana.

#19 BintiPangani
Mmezunguka kote mmesahau Wernicke. Yule profesa mzee wa Kijerumani alimaliza ugomvi wote 1874: Broca ni kusema, Wernicke ni kuelewa, katikati kuna waya. Tumefundishwa hivyo chuoni na tukafaulu. Kwani bado kuna cha kujadili?

#20 Mwanafunzi Mkongwe
Binti, "mzee" gani? Carl Wernicke mwaka 1874 alikuwa na miaka 26, yuko Breslau, kijana kabisa. Na hakuzeeka sana, alikufa 1905 kwa ajali ya baiskeli.

Ila umefanya vizuri kumtaja, kwa sababu alileta aina ya wagonjwa ambayo Broca hakuishughulikia. Hawa wanaongea bila kukwama, mahadhi yote yapo, lakini maneno hayana maana, na wewe ukiongea hawakuelewi. Ubovu wao uko nyuma, jirani na sikio. Wernicke akachora njia ya kuunganisha nyuma na mbele, na akabashiri kwamba njia hiyo ikikatika, mtu ataelewa na ataongea lakini atakuwa anachanganya maneno. Kubashiri ugonjwa kwa kuchora mstari! Daktari Lichtheim akaja 1885 akaongeza kituo cha tatu, mchoro ukafanana na nyumba.

#21 Jongoo wa Mvua
Wanaongea bila kukwama na hakuna maana, na hawasikilizi wengine? Hao mbona tunawapigia kura.

#22 Kasuku Bubu
😂😂😂 Uzi usifutwe tafadhali.

#23 Mto Lualaba
Kabla sijasahau, na hili litampa Fundi Saa nguvu mpya: Gustave Dax, mtoto, hakukubaliana na Broca kuhusu mahali. Yeye alitaja sehemu ya kati ya kushoto, yaani ule upande wa masikio. Miaka kumi na zaidi kabla ya Wernicke.

#24 Fundi Saa
Lualaba wewe ni mpinzani wa ajabu, unanipinga huku unanijazia bunduki risasi. Sawa. Basi baba kaporwa na mtoto kaporwa.

#25 Daktari wa Bara
Nimesoma kimya kimya. BintiPangani, hapana, hakuna kilichomalizika 1874. Kwanza Sigmund Freud, kabla hajawa maarufu kwa mambo ya ndoto, aliandika kitabu kidogo 1891 kuikosoa michoro hiyo. Kilinunuliwa kidogo mno.

Kisha 1906 akaja daktari Mfaransa Pierre Marie, akaandika kwamba mkunjo wa tatu wa mbele kushoto, yaani eneo la Broca, hauna kazi yoyote maalumu katika lugha. Alitoa ubongo wa Leborgne kwenye makumbusho akautazama upya. Akasema huu umeharibika mbali sana, hadi nyuma, huwezi kusema tatizo ni kipande kimoja cha mbele. Wa Lelong akasema ni uzee tu, umenywea. Kwa Marie afasia, yaani kupotewa na lugha kwa kuumia ubongo, ni moja, ni ile ya nyuma, na inagusa akili. Hiyo ya Broca ni afasia pamoja na ugumu wa matamshi.

Daktari mwenzake Jules Dejerine akawaka. Mwaka 1908 Jumuiya ya Neurolojia ya Paris ikaitisha vikao vitatu vya watu hawa wawili kupambana. Mkewe Dejerine, Augusta Klumpke, mzaliwa wa San Francisco, ndiye aliyembana Marie vibaya zaidi kwa sababu alikuwa anaijua ramani ya ndani ya ubongo kuliko wanaume wengi mle ukumbini. Vikao vikaisha bila mshindi.

#26 BintiPangani
Huyo Augusta chuoni hawakumtaja hata mara moja. Nimekasirika.

#27 Daktari wa Bara
Naendelea. Broca alifanya jambo moja la busara: hakuukata ubongo wa Leborgne. Aliuhifadhi mzima. Mwaka 2007 Nina Dronkers na wenzake wakauingiza kwenye kipimo cha MRI, pamoja na wa Lelong. Uharibifu ulikuwa umezama ndani sana, hadi kwenye nyuzi zinazounganisha mbele na nyuma, na kwa Lelong lile eneo tunaloliita la Broca lilikuwa limeguswa sehemu tu. Kwa hiyo Marie alikuwa na haki kiasi, na Broca ana haki kiasi, maana wote wawili wameumia kushoto na mbele.

Wodini nawaona watu wenye picha ya ubongo inayosema "Broca" na wanaongea. Nawaona wenye picha safi pale na hawaongei. Siku hizi wengi wanazungumzia mitandao na njia, moja ya juu ya kuunganisha sauti na matamshi, moja ya chini ya kuunganisha sauti na maana. Nayo ni michoro tu, ikumbukwe.

#28 Nyota ya Kilimanjaro
Mimi nina swali chungu kidogo. Hiyo jumuiya ya 1861 ilikuwa ya anthropolojia, na Broca ndiye aliyeianzisha 1859. Walikuwa wanapima mafuvu ya watu wa dunia nzima kuwapanga nani ana akili na nani hana. Huyu tunayemsifu na yule mpima mafuvu ni mtu mmoja?

#29 Mwanafunzi Mkongwe
Ni mtu mmoja. Alitunga vyombo vya kupimia mafuvu, na alipima akili kwa uzito wa ubongo.

#30 Nyota ya Kilimanjaro
Basi tusiipite. Mtindo huo wa kupima ndio uliojaza makabati Ulaya. Berlin peke yake kulikuwa na mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani: mengi Rwanda, mamia mawili hivi Tanzania. Septemba 2023 walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimepata ndugu walio hai wa baadhi yao huku kwetu, mmojawapo akida wa Mangi Meli, aliyenyongwa Moshi mwaka 1900. Yule Leborgne naye ubongo wake uko kwenye chupa. Hakuna aliyemwomba ruhusa.

#31 Stesheni ya Tabora
Nyota umeongea. Na hata jina lake kamili lilikuwa limepotea! Vitabu zaidi ya karne nzima vilimwita "Tan". Mwaka 2013 mtafiti wa Poland, Cezary Domański, alipekua kumbukumbu akapata: Louis Victor Leborgne, mzaliwa wa Moret, fundi wa kuchonga vinyago vya miguu vya kushonea viatu, mwenye kifafa tangu ujana. Wengine walikuwa wanaandika kwamba alikuwa zuzu tangu kuzaliwa. Alikuwa fundi, alifanya kazi hadi miaka 30 hivi.

Domański anadhani "tan" huenda ni mabaki ya jina la mahali alikokulia, palikuwa na viwanda vya ngozi. Ni dhana yake.

#32 Daktari wa Bara
@Ngosha, sijakusahau. Swali lako la lugha ipi itangulie ni la zamani. Mfaransa Ribot, 1881, alisema kumbukumbu za zamani ndizo imara, kwa hiyo lugha ya utotoni itangulie. Mfaransa mwenzake Pitres, 1895, akasema hapana, inatangulia ile uliyokuwa unaitumia zaidi kabla ya kuugua. Kwa baba yako Ribot angesema Kisukuma. Kwa Pitres inategemea: nyumbani Kisukuma, lakini kutwa nzima alikuwa darasani.

Pitres alisema pia kwamba lugha inayochelewa haijafutika, imezuiwa tu kwa muda. Na kurudi kwa Kisukuma cha mzee kunaelekea huko.

#33 Nesi wa Zamu
Daktari, na hospitali je? Mimi wagonjwa wote nawasemesha Kiswahili. Mzee amelala kitandani siku zote hizo anasikia "fungua mdomo", "meza dawa", "kaa". Si ndiyo lugha ilifanyiwa mazoezi kwanza?

#34 Ngosha wa Bariadi
Nesi hilo halikuwahi kunijia. Kweli wodini hakukuwa na Msukuma zaidi ya mama, na mama alikuwa anaruhusiwa saa za kuona wagonjwa tu.

#35 Stesheni ya Tabora
Mimi nadhani ni ualimu. Hayo maneno aliyoanza nayo, "kaa chini", "bado", "sawa", ni ya kukariri miaka na miaka mbele ya darasa. Ni Alhamdu ya mwalimu. Jackson huyo.

#36 Jongoo wa Mvua
Mimi ni mashoto. Je, nikipigwa kiharusi niko salama?

#37 Daktari wa Bara
Mashoto wengi, kama 7 kati ya 10, lugha yao iko kushoto vilevile. Waliobaki ni kulia au pande zote mbili. Usitegemee, pima presha.

#38 Mwalimu wa Sarufi
Nimechelewa uzi. Swali langu: wagonjwa wa aina ya Broca wanaosema Kiingereza wanaangusha viambishi, wanabaki na mashina ya maneno, kama telegramu. Kwa Kiitaliano na Kiebrania hilo ni gumu kwa sababu shina peke yake si neno, kwa hiyo watafiti waliona wagonjwa wakibadilisha kiambishi na kuweka kisicho chake. Sasa Kiswahili? Huwezi kusema "-zuri" ukanyamaza. Mgonjwa wetu angesema "mtoto kizuri"? Angeshikilia ngeli moja kwa vitu vyote? Ngosha, mzee anafanyaje?

#39 Ngosha wa Bariadi
Mwalimu, sikuwahi kumsikiliza hivyo. Leo nimekaa naye. Ng'ombe kawaita "watoto", mara kadhaa, na mlango kauita "kiti". Lakini "watoto wamerudi", "kiti kimefungwa", hapo hakukosea.

#40 Mwalimu wa Sarufi
Basi mzee upatanisho anao, neno ndilo linalomponyoka. Sidhani kama ni wa Broca huyo. Mpe vitu vya ngeli ya U na ya KU, halafu mwulize kwa Kisukuma pia, uniletee.

#41 Daktari wa Bara
Mwalimu, mwache mzee apumzike kwanza. Ngosha, majibu ya picha ya ubongo unayo? Walisema kushoto sehemu gani?

#42 Ngosha wa Bariadi
Karatasi imeandikwa kushoto, mbele na pembeni. Zaidi ya hapo mwandiko hausomeki.